Daraja la Sebuleni

Kila mkinipita hapa Muyeye mnaniuliza:
Mbodze, Ulaya kukoje?
Haya, kaeni. Shikeni kunde mnisaidie kuambua,
sisimulii watu wenye mikono mitupu.

Miaka kumi na tisa, kila Jumatatu,
nimefuta kioo cha picha ile
nyumbani kwa Ornella, barabara ya Kasuarina:
daraja la Venisi, jeupe, mgongo kama wa ngamia,
na mwanamke wa kilemba chekundu katikati ya ngazi
ambaye hajafika juu tangu niajiriwe.
Nalijua daraja lile kuliko njia ya kwetu Ganda.
Nalijua na doa lake, dirisha la pili kutoka kulia,
doa lisilosikia siki wala sabuni.

Mwaka huu magoti ya Ornella yakagoma.
Akasema, nisindikize kwetu,
siku nne, tiketi juu yangu.

Koti nililitoa mtumbani, shilingi mia tatu.
Kule uwanja wa ndege nasoma lebo ya ukosini:
limeshonwa hukohuko.
Kumbe nalo lilikuwa linarudi kwao.
Nikawa na wazee wawili wa kusindikiza.

Siku ya kwanza nililala.
Siku ya pili nilikojoa kwa shilingi mia mbili na ushei.
Haja ndogo, bei kubwa.
Dada wa mlangoni akanipa risiti.
Ninayo. Msicheke, ninayo.

Jioni maji yakajaa, bamvua ya kwao,
yakaingia madukani bila hodi.
Wageni wakapiga kelele, wakapiga picha;
zikatandikwa mbao, tukapita mmojammoja,
na miguu yangu ikakumbuka yenyewe
Kisumu Ndogo wakati wa masika, tofali kwa tofali,
ila kule hakuna kijana wa kukutoza shilingi kumi.

Siku ya tatu Ornella akaniambia: nenda kaone.
Nikaenda kuona.
Nikauliza njia kwa Kiitaliano changu cha jikoni,
ambacho kina chumvi, kina vitunguu, kina haraka,
lakini hakina kushoto wala kulia.
Nikapotea mara nne.
Kisha kona, na hilo hapo,

limefunikwa.
Vyuma vya mafundi toka majini hadi juu,
na juu ya vyuma turubai,
na juu ya turubai, jamani,
wamechapa picha ya daraja.

Nimepanda ndege mbili
kuja kutazama picha.
Mkono ukaingia mfukoni wenyewe
kutafuta tambara.

Lakini ngazi zilikuwa wazi. Nikapanda
ndani ya giza la turubai, nyundo zinagonga,
vumbi la chokaa puani.
Jiwe nikaligusa: linamomonyoka kwa chumvi
kama ukuta wa choo chetu.
Katikati ya ngazi, pale asimamapo yule wa kilemba,
turubai limechanika, upana wa kiganja.
Nikachungulia.

Mgongo wa nyumba. Kamba ya nguo. Soksi.
Dirishani mama mmoja, aproni ya bluu,
anakung'uta tambara.
Aliona jicho tu, sijui alidhani nini.
Akakung'uta mara ya pili, polepole,
kama mtu anayepunga.

Basi, hiyo ndiyo Ulaya niliyoiona.
Makanisa yapo, njiwa wapo, waulizeni wengine.

Ornella kabaki kule. Funguo ninazo mimi.
Jumatatu nimeingia, nimefungua madirisha,
nimefuta kioo pembe zote nne.
Nimefika kwenye doa,
dirisha la pili kutoka kulia,
mkono ukasita.
Sikulisugua.
Nimelipungia tambara, nikaenda kupiga deki.

Mnatazamana nini?
Ambueni kunde.